Swali la Nesi na Kopo la Hamira

Mejumaa, mwanangu, na mama yangu kwa jina,

Nakuandikia salamu ilhali tunakaa nyumba moja, na asubuhi hii hii umeniamkia mlangoni nikakuitikia marahaba. Cheka ukitaka. Mimi mwenyewe nimecheka nilipokuwa nachana karatasi hizi katika daftari lako la zamani la hisabati. Lakini kuna maneno ambayo mdomo wangu umeshindwa kuyatoa kwa wiki tatu, na kesho alfajiri unapanda basi kwenda Eldoret kusomea upimaji wa ardhi, mahali ambapo mimi sijafika na ambapo nasikia watu hulala na sweta. Nikiyaweka mpaka stendi, najijua, nitaishia kukuuliza kama umebeba chaja.

Wewe na mama yako mmekwenda Kikoneni kumuaga bibi. Niliwaambia nina zamu hotelini. Sina zamu, niliomba ruhusa siku nne zilizopita. Sasa Adhuhuri imepita, nyumba imenyamaza, na sanduku lako limesimama ukumbini limefungwa kamba na mama yako kana kwamba ndani yake kuna mbuzi. Maagizo ameshakupa yote: kufua, kuswali, kutoazima watu ndala, kutokubali chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi. Hayo nayapita. Mimi nina jambo moja tu, nalo si agizo.

Wiki tatu zilizopita, pale kliniki Msambweni, nesi alikupima presha mara tatu. Mara ya tatu alibadilisha kile kitambaa cha kufunga mkono akaleta kikubwa zaidi, maana alitaraji kipimo ndicho kilichokosea. Hakikukosea. Ndipo akanigeukia mimi akauliza, "Baba, katika ukoo wenu kuna mwenye presha, au aliyekufa kwa maradhi ya moyo?" Nami nikajibu upesi, "Hakuna." Akaandika. Wewe ulikuwa umekaa kando yangu, mkono wako una alama bado.

Mejumaa, nilisema uongo. Uongo huo umo ndani ya kadi yako kwa wino wa buluu, na kwa sababu yake umekaa siku zote hizi ukiamini kwamba maradhi haya umejitafutia peke yako. Nataka kuutoa kabla hujaondoka. Ila niache nizunguke kwanza, maana nikianza mwisho hutanielewa, na mimi nataka unielewe hata kama hutanisamehe.

Mwaka mmoja nilipokuwa mdogo, mvua za vuli zilikataa kabisa Kikoneni, na za masika zikanyesha siku mbili zikakatika. Bibi yako alikuwa akisonga sima ya muhogo katika sufuria ndogo, anatupakulia mimi na ami yako Bakari, kisha anakwangua ukoko anatuongezea. Tukimuuliza, "Na wewe, mama?" anasema, "Mimi nimekula kwa jirani." Siku moja Bakari, ambaye alikuwa mdadisi tangu tumboni, alimnyatia jikoni akamkuta anakunywa maji ya moto aliyoyatia chumvi. Alirudi akaninong'oneza. Hatukumwambia mama kwamba tunajua, lakini tangu siku hiyo sauti ya kijiko kukwangua sufuria hunitoa machozi, hata hotelini, hata leo. Niliapa kwamba mtoto wangu hataisikia.

Watu husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ni kweli, ila mwenye njaa naye haijui shibe. Hajui inaishia wapi, kwa hiyo akiipata haweki kituo.

Nilipoajiriwa Diani, niliajiriwa kuosha sufuria. Siku ya kwanza, bufe ilipofungwa, niliona sinia nzima za keki, soseji na viazi vya kukaanga zikimwagwa kwenye mapipa. Nilikimbilia stoo nikalia nyuma ya magunia ya unga. Mzee Katana, aliyekuwa msimamizi wetu wa vyombo, alinikuta pale. Alinionyesha tu jinsi ya kuomba chiti cha mpishi mkuu ili askari wa getini akuruhusu kutoka na mabaki, akanipa kopo tupu la aiskrimu, lile kubwa la buluu lenye mkono. Kopo hilo unalijua kuliko unavyowajua baadhi ya jamaa zako.

Nakumbuka kengele ya baiskeli yangu ikilia kona ya msikiti, na wewe ukitoka mbio bila viatu. Ulikuwa na miaka minne, mitano. Nilikuwa sikupi mpaka ufumbe macho unuse. "Leo kuna nini, mama?" Unanusa, unakunja uso kama kadhi anayepima ushahidi, unasema, "Mdalasini." Nafunua kidogo. "Na kingine?" "Ndimu!" Hukukosea hata mara moja. Nilipopandishwa kutoka kwenye masinki nikawa mwoka keki, nilikuwa najaribu mapishi mapya nikiwaza pua yako, si ya wageni. Sitakudanganya kwamba najuta kila kitu, Mejumaa. Saa ile ya jioni kibarazani, sote watatu na kopo katikati, mama yako akilamba krimu kidoleni na kujifanya hapendi, ilikuwa saa tamu ya maisha yangu. Ningepewa kuirudia moja ningeirudia hiyo, ingawa sasa najua nilikuwa nakupa nini.

Ukanawiri. Ukunda nzima ilikusifu. Kina mama wakikushika mashavu husema, "Mashaallah, mtoto wa hoteli huyu," na mama yako anakupaka doa la wanja kwenye paji la uso kukukinga na kijicho. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa nililitia kopo sukari. Nikaweka bodaboda ya kukupeleka shuleni na kukurudisha, mwendo ambao mtu akipiga chafya nyumbani darasani wanaitikia. Mimi nilitembea kwenda shule miguu mitupu kupita mashamba ya watu. Kwangu kutembea kulikuwa umaskini, na wewe hukuwa mtoto wa maskini.

Ulipokuwa darasa la nne wahudumu wa afya walikuja shuleni kwenu kupima watoto. Walikuwa wakitafuta waliokonda, wamebeba na unga wa uji wa kuwagawia. Wakakukuta wewe. Binti mmoja kati yao akakupa kikaratasi cha mzazi, kimeandikwa kwamba uzito wako umezidi umri, tupunguze soda na vitamu na tukuache ucheze. Kesho yake nilikwenda shuleni nikiwa nimefura.

"Dada, wewe umezaa wangapi?" nikamuuliza yule binti mbele ya walimu.

"Sijajaliwa bado, baba."

"Basi ukijaliwa utajua mtoto mwenye afya anafananaje."

"Baba, nisamehe. Lakini akipanda zile ngazi za ofisini anahema. Mtoto wa miaka tisa hahemi kwa ngazi nne."

Nikachana kile kikaratasi mbele yake. Nilirudi nyumbani nimeshajua ugonjwa wako ni nini: ni husda. Mtu ameona mtoto wangu ananawiri, macho yamemtoka. Jioni ile ile nikakupakia kwenye baiskeli nikakupeleka kwa maalim akuandikie kombe. Unakumbuka? Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, ukanywa. Ukakunja uso ukasema inanuka kama harusi. Nami, ili nikuliwaze, nikafungua kopo nikakupa kipande cha keki ya chokoleti, na maalim naye akala viwili. Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi kuchekesha watu. Wiki hizi tatu nimejaribu kukicheka nikashindwa. Hakuna ubaya katika dua. Ubaya ulikuwa kwangu, niliyeona ni rahisi zaidi kumshuku jirani kuliko kulitazama kopo langu mwenyewe.

Bibi yako hakunyamaza. Tulipokwenda Kikoneni likizo ile alikupeleka shambani kuchuma kunde, mkarudi wewe umeshika kiuno na uso umelowa jasho. Akanisubiri nimalize kunywa maji.

"Hamisi, mtoto huyu unamlisha kama ng'ombe wa Idi."

"Mama, hiyo ni afya."

"Afya ni yangu mimi niliyekwenda nikarudi nikimbeba yeye na kunde. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Methali hiyo nimeijua tangu darasa la tatu, tena niliijibu kwenye mtihani nikapata. Lakini nilikasirika. Nilimwambia mama yangu, mtu aliyekunywa maji ya chumvi ili mimi nile, kwamba yeye hajui kulea mtoto kwa sababu hakuwahi kuwa na cha kumpa. Alichukua ufagio akafagia uwanja uliokuwa umeshafagiwa. Sikurudi Kikoneni mpaka mwaka ukageuka, na leo pia sikuja nanyi kwa sababu kila nikimuona huikumbuka ile sauti ya ufagio.

Kisha kuna ile jioni uliporudi kutoka mazoezi ya netiboli. Ulikuwa darasa la sita. Ulikuwa umenuna, kwa nini sijui, ukaketi kibarazani, ukaniuliza, "Baba, kopo lina nini?" bila kufumba macho, bila kunusa. Nikakupa. Ukala vipande vitatu ukitazama ukuta. Baadaye mama yako ndiye aliyeniambia kwamba mwalimu alikupa kazi ya kulinda chupa za maji za wenzako, na kwamba shuleni wanakuita Mejumaa Keki. Mimi nilicheka, mwanangu. Nilidhani ni jina la sifa, kwa kuwa keki ni kazi yangu. Nikalichukua nikakuita hivyo nyumbani kwa miezi. Hukuniambia niache. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kombe na kuliko kikaratasi, kwamba ulimwonea huruma baba yako ukamwachia afurahi.

Sasa nafika kwenye swali la nesi.

Ami yako Bakari aliyekuwa akikubeba mabegani alifariki ukiwa na miaka saba. Unakumbuka tu kwamba alianguka uwanjani akiwachezesha vijana mpira. Mimi nakumbuka pia maumivu yake ya kichwa, ambayo alikuwa akiyatibu kwa maji ya ukwaju, na mwili wake uliojaa tangu naye apate kazi nzuri, na sisi tukimwambia pesa zimemkubali. Matangani watu walisema ni mkono wa mtu. Nikakubali. Mtu ambaye ndugu yake ameuawa kwa kijicho anapata wa kumchukia, na chuki inashikika kuliko msiba.

Miaka mitano baadaye nami nilianguka. Nilikuwa natoa trei ya mikate kwenye jiko la kuokea, nikaona taa zinahama. Mzee Katana alinikalisha sakafuni akanipepea kwa kifuniko cha kasha, halafu akanipeleka kwa nguvu kupimwa. Presha. Daktari akaniuliza kuhusu ukoo wangu, nikamweleza Bakari, akaniambia taratibu, "Huenda na nduguyo alikuwa nayo." Akasema na watoto wangu wapimwe, hasa kama yuko mwenye uzito mkubwa.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Leo una kumi na minane. Miaka sita, Mejumaa, nimekuwa nikimeza kidonge kila asubuhi nikishafika kazini, na vidonge vyangu vinakaa ndani ya kopo la hamira kwenye kabati langu la nguo za kazi, ili mtu yeyote akifungua asishangae. Mwoka mikate na hamira, nani atauliza? Mama yako hajui. Bibi hajui. Nikiulizwa kwa nini siku hizi sitii chumvi, nasema umri.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza leo tangu mlipotoka. Aibu ilikuwepo, sikatai. Lakini zaidi ni kwamba ningesema presha, ningelazimika kusema kwamba Bakari hakuuawa na mtu, na kwamba yule binti wa shuleni alikuwa na haki, na mama yangu alikuwa na haki, na kopo la buluu nililolileta kwa mapenzi lilikuwa na nini ndani yake. Basi nikafanya jambo baya kuliko yote. Kazini nikawa nakula kabichi ya kuchemsha na samaki wa kupaka bila chumvi, kwa amri ya daktari, na jioni nikaendelea kukuletea keki. Miaka miwili mizima, mpaka nilipoliacha kopo kidogo kidogo, niliujali moyo wangu na kuusahau wako, kwa sababu kuliacha ghafla kungezua maswali. Nimeandika sentensi hiyo nikainuka nikazunguka nyumba. Siifuti.

Pale kliniki, nesi alipokuonyesha mchoro wa moyo na kukueleza kwamba wako umeanza kufanya kazi ya moyo wa mtu mzima aliyebeba gunia, ulitoka nje ukasimama koridoni. Ukaniambia, "Baba, ningejizuia tu. Ni ulafi wangu." Nami niliyekuwa na jibu mfukoni nikakununulia maji ya chupa. Wiki iliyofuata ulikula matango matupu mpaka ukapata kizunguzungu. Kisha mama yako akakuta karatasi za maandazi chini ya godoro lako, akanionyesha, tukazirudisha pale pale kwa kuogopa kukuaibisha. Na Jumapili ukamwambia kwamba ukifika chuoni hutavimeza vidonge ulivyopewa kliniki, kwa sababu wenzako wa chumbani watakuita bibi kizee.

Sikuja kukulazimisha. Sina uso huo. Nataka tu ujue kwamba hukuwa mlafi. Ulikuwa mtoto uliyefumba macho na kunusa kile baba yako alichokuletea, na damu uliyozaliwa nayo nilikupa mimi pia. Nesi alisema mwili wa miaka kumi na minane bado unasikia ukiambiwa, kuliko wangu. Alisema kutembea, na kula kama anavyokula bibi yako: kunde, mtsunga, mboga ile chungu uliyoikunjia pua miaka yote, muhogo wa kuchemsha, samaki. Ajabu gani hii, kwamba nilitumia maisha yangu kukimbia chungu cha mama yangu, na sasa daktari ananirudisha pale pale. Tofauti ni kwamba sasa tutatosheka sote, na mama yangu pia.

Mlipoondoka asubuhi nilifungua faili lako la chuo nikachukua kadi ya kliniki. Nisamehe kwa hilo nalo. Nikaenda Msambweni. Nesi ni yule yule, na alinikumbuka.

"Nimekuja kurekebisha jibu langu," nikamwambia.

"Jibu lipi, baba?"

"Uliniuliza kuhusu ukoo."

Akanitazama, akavuta kiti. "Kaa kwanza nikupime." Alipouliza natumia dawa gani nikalitoa mfukoni kopo la hamira, nililokuwa nimelichukua kazini jana, nikaliweka mezani. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na mimi nikacheka, kisha nikalia, na yeye akaniacha nilie bila kumwita mgonjwa mwingine. Mficha maradhi kifo humuumbua, alisema, bahati yako umeumbuliwa na hamira.

Ukiifungua kadi yako utaona neno "Hakuna" limekatwa mstari mmoja. Juu yake ameandika: "Baba. Ami." Kule Eldoret wakikuuliza, waonyeshe hapo. Na wenzako wa chumbani wakikuuliza vidonge ni vya nini, waambie ni vya ukoo, unameza pamoja na baba yako aliye pwani.

Kopo la hamira sasa liko jikoni, kwenye rafu, kando ya chai. Mama yako ataliona akirudi leo, na nadhani nitalala kwenye kochi. Wiki ijayo nitakwenda Kikoneni peke yangu, nina neno la kumwambia bibi yako na nitalisema kabla hajaushika ufagio.

Kila asubuhi baada ya swala nitakupigia simu. Kwa simu hizo nimekusamehe shikamoo. Neno lako la kwanza liwe "Nimemeza, Baba," nami nitaitikia, "Nami nimemeza, mama." Na siku ukinisikia nasitasita, ujue sijameza. Usinionee huruma tena, Mejumaa, kama ulivyonionea kwa lile jina. Nigombeze kama mama anavyomgombeza mwanawe. Jina lake unalo.

Babako,
Hamisi